ESP32 yako haijaungua: soma mstari wake wa kwanza kabla ya kununua nyingine

Swali: Habari fundi. Niko Kahawa West, na maji huku ni ya mgao. Nataka kupima kiwango cha maji kwenye tangi la lita 5,000 lililo juu ya nyumba, na pampu ijizime yenyewe tangi likijaa. Nilinunua Luthuli Avenue bodi ya ESP32 ya pini 30 (kompyuta ndogo ya kuendesha mradi), kihisi cha JSN-SR04T cha kupima umbali kwa mawimbi ya sauti, na rilei moja ya volti 5, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Kompyuta yangu ina Ubuntu 22.04. Nikipakia programu, mara nyingi napata "Wrong boot mode detected (0x13)". Ikibahatika kuingia, dirisha la siriali (la kusomea maandishi ya bodi kwenye kompyuta) linaonyesha mistari michache inayosomeka, halafu herufi za ajabu tupu. Tangu niunganishe rilei kwenye pini 12, bodi inarudia tu "boot:0x33" na "flash read err, 1000" bila kikomo. Kihisi nimekiunga Trig (mguu wa kukiamuru kipime) kwenye pini 5 na Echo (mguu wa kurudisha jibu) kwenye pini 18, waya moja kwa moja. Jirani yangu anasema bodi imeungua, ninunue nyingine. Ni kweli?

Jibu: Ndugu yangu, weka pesa zako mfukoni. Bodi haijaungua, na ushahidi umeuleta wewe mwenyewe: chipu iliyokufa haiandiki "boot:0x33". Maneno hayo hutoka kwenye programu ndogo iliyowekwa ndani ya chipu kiwandani, ambayo huwezi kuifuta wala kuibadilisha. Ukiona mstari ule unasomeka, jua kwamba umeme unaifikia chipu, saa yake inapiga, waya wa kutoa data ni mzima, na ile chipu nyingine ya USB iliyo pembeni inaelewana na kompyuta yako. Kinachokwama ni hatua moja tu ya kuamka, na tiba yake ni kuhamisha waya mmoja.

Ila una shida nne zilizorundikana, kila moja na chanzo chake, na hiyo ya nne hujailalamikia bado. Wengi wakifika hapo hubadilisha programu, wanapakia, wanabadilisha tena, na usiku unakwisha. Usiiguse programu kwanza. Kila ESP32 inapoamka hutoa mstari wa "rst" na "boot" kwa kasi ya 115200, hata kama hakuna programu yoyote ndani yake. Mstari huo ndio wa kuanza nao.

Namba ya boot inasema nini

Chipu inapoamka huangalia pini kadhaa kwa nukta moja: ipi ina volti, ipi haina. Majibu huyajumlisha kuwa namba moja, ndiyo hiyo inayoandikwa baada ya "boot:". Kwa ESP32 ya kawaida, kila pini ina thamani yake ikiwa juu (GPIO5 ni pini namba 5, na kadhalika): GPIO5 ni 0x01, GPIO15 ni 0x02, GPIO4 ni 0x04, GPIO2 ni 0x08, GPIO0 ni 0x10, na GPIO12 ni 0x20.

Sasa fanya hesabu. 0x13 ni 0x10 na 0x02 na 0x01: GPIO0, GPIO15 na GPIO5 ziko juu. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya kuendesha programu iliyomo. 0x03 ni ile ile bila GPIO0, yaani GPIO0 imeshushwa chini, na hapo chipu hungoja kupakiwa programu mpya. Na 0x33 yako? Ni 0x13 iliyoongezewa 0x20. Kuna kitu kimeipandisha GPIO12. Wewe umeunga nini kwenye pini 12? Rilei.

Rilei hizi za bodi ya buluu huwashwa kwa kuvuta mguu wa IN chini. Ndani yake, mguu huo umeungwa na volti 5 kupitia rezista na taa ndogo, kwa hiyo usipoushusha wewe, unavutwa juu. Chipu nayo ina kizuizi dhaifu cha ndani kinachojaribu kuiweka GPIO12 chini, lakini hakiwezi kushindana na rilei. Kosa dogo, ila athari yake ni kubwa, kwa sababu GPIO12 ndiyo inayoamua hifadhi ya flashi ipewe volti ngapi. Ikiwa chini, flashi hupata 3.3. Ikiwa juu, hupata 1.8. Moduli ya WROOM iliyo kwenye bodi nyingi za pini 30 inahitaji 3.3, basi flashi inazimia, chipu inasoma utupu, inaandika "flash read err, 1000", mlinzi wa ndani anaiwasha upya, na mzunguko unaanza tena. Ndiyo maana huuoni mwisho wake.

Ng'oa waya wa rilei kwenye 12, ubonyeze EN, kitufe cha kuiwasha chipu upya. Bodi itaamka hapo hapo. Rilei ihamishie GPIO26. Pini zisizo na mambo mengi kwenye bodi hii ni 25, 26, 27, 32 na 33. Nyingine mbili, 34 na 35, hupokea tu, hazitoi. GPIO6 hadi 11 usiziguse kabisa, maana ndizo zinazozungumza na flashi. GPIO1 na GPIO3 ndizo njia ya siriali yenyewe, ziache zipumue.

Utakutana na ushauri wa kuchoma mpangilio wa volti ndani ya chipu kwa amri ya espefuse ili GPIO12 isiangaliwe tena. Inafanya kazi, lakini ni ya kudumu, hairudi nyuma, na ukikosea thamani umeipoteza bodi. Kuhamisha waya ni dakika moja. Usichome.

Kupakia: 0x13 maana yake nini hasa

Kosa la "Wrong boot mode detected (0x13)! The chip needs to be in download mode" lina habari njema ndani yake ambayo watu huipita. Kompyuta imewezaje kujua ni 0x13? Imeusoma mstari wa kuamka. Kwa hiyo kebo yako ina nyaya za data, poti uliyochagua ndiyo, na ruhusa unazo. Usibadilishe kebo. Usiweke upya Arduino IDE, programu ya kupakilia. Linganisha na kosa la "Failed to connect to ESP32: No serial data received": huko hakuna herufi hata moja iliyofika, na hapo ndipo pa kushuku kebo, poti na umeme.

Shida yako ni kwamba GPIO0 haikushuka kwa wakati. Bodi ina transista mbili ndogo zinazoendeshwa na kompyuta kupitia mistari ya DTR na RTS: mmoja unashika EN kuwasha chipu upya, mwingine unashusha GPIO0. Lazima EN iachiliwe huku GPIO0 ingali chini. Kwenye bodi nyingi za bei nafuu EN hupanda haraka mno, chipu inaamka kabla GPIO0 haijashushwa, inasoma 0x13 na kuendesha programu ya zamani. Ndiyo sababu wakati mwingine inakubali na wakati mwingine inagoma.

Kwa leo, tumia mkono. Bonyeza kitufe cha BOOT ukishikilie, anza kupakia, na nukta za "Connecting....." zikianza kutokea subiri mpaka ukione "Writing at", kisha achia. Ikikataa, shikilia BOOT, bonyeza EN na kuiachia, kisha achia BOOT. Ukitazama dirisha la siriali baada ya hapo utaona "waiting for download".

Tiba ya kudumu ni kapasita kati ya EN na GND (mguu wa ardhi, volti 0) ili EN ipande polepole. Anza na mikrofaradi 1. Isipotosha, weka 10. Ikiwa ni ya aina yenye upande chanya na hasi, chanya iende EN. Inaweza kukaa kwenye bodi ya majaribio bila kulehemu. Na kama upakiaji huanza vizuri kisha hukatika katikati, hilo ni jingine: nenda Tools, kisha Upload Speed, uiteremshe kutoka 921600 hadi 115200. Itachukua sekunde chache zaidi, lakini kebo nyembamba itavumilia.

Kwa mwenzako ambaye poti yake haionekani kabisa kwenye Ubuntu 22.04, chomeka bodi kisha endesha:

```
sudo dmesg | tail -20
lsusb
```

Bodi yenye CH340 hujitambulisha kwenye lsusb kama 1a86:7523, yenye CP2102 kama 10c4:ea60. Ikiwa dmesg inaonyesha ttyUSB0 imeunganishwa na mara moja imetenganishwa, na neno brltty liko hapo karibu, basi programu ya kusaidia wasioona kutumia maandishi ya nukta imeidhania bodi yako kuwa kifaa chake. Kama nyumbani hakuna anayeihitaji, iondoe kwa `sudo apt remove brltty`. Ikiwa poti ipo lakini unakataliwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la dialout kwa `sudo usermod -aG dialout $USER`, kisha utoke na kuingia upya; kufunga dirisha la amri pekee hakutoshi. Na ikiwa lsusb haina hata dalili ya bodi, ni kebo. Kebo nyingi za kuchajia simu zina nyaya mbili tu, za umeme. Kuijaribu ni rahisi: iunge simu na kompyuta kwa kebo hiyo, simu isipokupa chaguo la kuhamisha faili, kebo haina data. Ukienda Luthuli tena, fanya jaribio hilo kabla hujaondoka kaunta.

Herufi za ajabu

Umesema mistari ya mwanzo inasomeka, halafu zinafuata herufi za ajabu. Maelezo hayo yanatosha kabisa. Mistari ya mwanzo ni ya chipu yenyewe, na hiyo daima huja kwa 115200. Zinazofuata ni za programu yako, na nina hakika ndani yake pameandikwa `Serial.begin(9600)`, kama mifano mingi ya Arduino Uno. Dirisha limewekwa 115200, programu inaongea kwa 9600.

Siriali haina waya wa saa. Anayetuma na anayepokea wanakubaliana mapema urefu wa kila biti, basi. Kwa 9600 biti moja hudumu mikrosekunde 104. Kwa 115200 hudumu kama 8.7. Dirisha lako linaikata biti moja ya programu vipande kumi na viwili, na kila kipande linakihesabu kuwa biti kamili. Andika `Serial.begin(115200)` na kasi iwe moja tangu chipu inapoamka hadi mwisho. Kubadilisha dirisha liwe 9600 nako kutasoma programu, ila kutaufanya mstari wa kuamka usisomeke, nao ndio mstari usiopaswa kuupoteza.

Wenye ESP8266 wana jambo lao: mstari wa kuamka wa chipu hiyo huja kwa 74880, kasi isiyo ya kawaida. Wasishangae, waiteue kasi hiyo kwenye orodha. Na kwenye bodi za ESP32-C3 na S3 zinazotumia USB ya chipu yenyewe, dirisha likiwa tupu kabisa angalia Tools, kisha "USB CDC On Boot", iwe Enabled. La sivyo maneno yanatoka kwenye pini ambazo hujaziunga na chochote.

Jambo jingine la poti: hushikwa na programu moja kwa wakati. Ukiacha dirisha la siriali wazi kwenye programu moja, kupakia kwa nyingine kutakataliwa kwamba poti ina shughuli. `lsof /dev/ttyUSB0` itakuonyesha nani ameishika.

Shida ya nne: volti 5 kwenye GPIO18

Hii ndiyo inayoweza kweli kuiua bodi yako, ikiwa bado haijaijeruhi. JSN-SR04T ikilishwa volti 5, mguu wake wa Echo hutoa volti 5. Pini za ESP32 ni za 3.3. Inaweza kustahimili wiki, inaweza kufa kesho, na ikifa mara nyingi hufa pini moja huku bodi ikiendelea kuamka vizuri, ukaanza kumlaumu mwenye kukuuzia kihisi.

Weka rezista mbili. Kutoka Echo pitisha kilo-ohmu 1 hadi pini ya ESP32, na kutoka pini hiyo hiyo weka kilo-ohmu 2 hadi GND. Volti 5 zinagawanyika, theluthi mbili inabaki kwenye pini, yaani 3.33. Ukikosa ya kilo-ohmu 2, fuatanisha mbili za kilo-ohmu 1. Trig haihitaji kitu, volti 3.3 za ESP32 zinatosha kuisukuma. Echo iwe GPIO34 na Trig iwe GPIO25. GPIO5 uliyokuwa ukiitumia haikukuletea shida, lakini imo katika zile zinazoangaliwa wakati wa kuamka, na hakuna sababu ya kuitumia wakati 25 iko wazi.

GND za kihisi, rilei na bodi ziungane zote. Bila hilo, hakuna volti iliyo na maana.

Programu ya kwanza isiwe na Wi-Fi, wala uamuzi wa kuwasha pampu. Iwe ya kusema tu:

```
#include <esp_system.h>

const int TRIG = 25;
const int ECHO = 34;
const int RILEI = 26;

void setup() {
  pinMode(RILEI, OUTPUT);
  digitalWrite(RILEI, HIGH);
  pinMode(TRIG, OUTPUT);
  pinMode(ECHO, INPUT);
  Serial.begin(115200);
  delay(200);
  Serial.printf("\nprogramu=tangi toleo=1 sababu=%d\n",
                (int)esp_reset_reason());
}

void loop() {
  digitalWrite(TRIG, LOW);
  delayMicroseconds(4);
  digitalWrite(TRIG, HIGH);
  delayMicroseconds(20);
  digitalWrite(TRIG, LOW);
  unsigned long us = pulseIn(ECHO, HIGH, 30000);
  Serial.printf("ms=%lu echo=%lu cm=%.1f\n",
                millis(), us, us / 58.0);
  delay(1000);
}
```

HIGH kwenye rilei ni kuzima, kwa sababu rilei yako huwashwa kwa LOW. Tazama ninachotaka uchapishe: si sentimita peke yake, bali pia mikrosekunde ghafi. Sentimita ni maoni ya programu yako. Mikrosekunde ndizo kihisi kilisema. Ukisoma echo=5800 cm=100.0, hesabu ni sawa. Siku moja utaona cm=37 wakati tangi liko nusu, na bila namba ghafi hutajua kama ni kihisi au ni hesabu.

Na hiyo 30000 kwenye pulseIn usiiache. Bila hiyo, mwangwi usiporudi programu husubiri sekunde nzima. Kwa kikomo hicho husubiri milisekunde 30, zinazotosha umbali wa kama mita tano, kisha hurudisha 0. Hapa kuna mtego ulio hatari kwa tangi: 0 ikigawanywa kwa 58 ni sentimita 0, na programu isiyo makini itaelewa kwamba maji yamegusa kihisi, tangi limejaa. Waya wa Echo ukikatika, unabaki bila maji nyumba nzima huku mfumo ukiripoti tangi limejaa. Andika sharti la kwanza kabisa kwamba echo=0 si kipimo, ni hitilafu. Zikifuatana tatu, zima pampu na uchapishe neno HITILAFU, si JAA.

Kuhusu kufunga kihisi: JSN-SR04T haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Kifunge juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji kwa angalau sentimita 30, mbali na ukuta wa tangi na mbali na mdomo wa bomba, kwa sababu mawimbi yake hutanuka. Maji yakiingia, uso unacheza na namba zinarukaruka. Chukua vipimo vitano, uvipange, utumie cha katikati. Wastani haufai, kwa kuwa kipimo kimoja cha uongo kinauvuta wote.

Ukiongeza Wi-Fi

Hapo ndipo utakapokutana na "Brownout detector was triggered", na nakuomba ulikumbuke jibu hili siku hiyo. Redio ya ESP32 ikituma huvuta hadi karibu miliampea 240 kwa ghafla. Koili ya rilei ya volti 5 inaongeza kama 70. Kebo nyembamba na poti ya laptopu haziwezi kuhimili mruko huo, volti inazama, chipu inajilinda kwa kujizima na kuamka upya. Ile "sababu" tuliyoichapisha itakuwa 9. Zishike hizi: 1 ni kuwashwa kwa kawaida, 3 ni programu yenyewe iliyoomba, 4 ni programu kuanguka, 5 hadi 7 ni mlinzi wa muda amekata kusubiri, 9 ni umeme kushuka.

Tiba ni umeme: adapta ya volti 5 yenye ampea 2, kebo fupi na nene, kapasita ya mikrofaradi 470 au 1000 kati ya 5V na GND karibu na bodi, volti ya kapasita iwe 10 au zaidi. Kuna mstari mmoja wa programu unaozunguka mitandaoni ambao huzima kilinda-umeme hicho kwa kuandika sifuri kwenye RTC_CNTL_BROWN_OUT_REG. Usiutumie kwenye kitu kinachoendesha pampu. Volti bado inazama, ila sasa hakuna anayekuambia; chipu inafanya makosa ya kumbukumbu na unapata hitilafu zisizoelezeka. Ukiona sababu 4, utaona pia "Guru Meditation Error" na mstari wa "Backtrace" wenye anwani. Hizo ni anwani za mistari ya programu yako. Kwa wanaotumia PlatformIO badala ya Arduino IDE, weka hivi kwenye platformio.ini na zitatafsiriwa kuwa jina la faili na namba ya mstari:

```
monitor_speed = 115200
monitor_filters = esp32_exception_decoder, time
build_type = debug
```

Neno time pale linaongeza saa mbele ya kila mstari.

Kusikiliza siku nzima bila kuharibu ushahidi

Hapa wengi hujiloga. Pampu imekwama saa tisa usiku, asubuhi unapanda juu na laptopu, unafungua dirisha la siriali, na bodi inawaka upya mbele yako. Ile DTR na RTS zinazosaidia kupakia ndizo zinazoiwasha upya unapofungua poti. Kilichokuwepo kwenye kumbukumbu kimekwenda. Ukitumia arduino-cli, yaani Arduino ya dirisha la amri, fungua hivi:

```
arduino-cli monitor -p /dev/ttyUSB0 \
  -c baudrate=115200,dtr=off,rts=off | tee tangi.txt
```

PlatformIO ina `monitor_dtr = 0` na `monitor_rts = 0` kwa kazi hiyo hiyo. Hata hivyo usitegemee hayo peke yake. Ndani ya setup, hifadhi sababu ya kuamka na idadi ya kuamka kwa kutumia maktaba ya Preferences, inayoandika kwenye flashi na hubaki hata stima ikikatika. Andika mara moja tu kila inapoamka. Ukiandika kila sekunde ndani ya loop utaichosha flashi, maana ina idadi ya maandishi inayoyastahimili.

Kiasi cha maneno nacho kina kipimo. Kwa 115200 unapitisha baiti 11,520 kwa sekunde, kwa kuwa kila baiti hubeba biti 10 ukihesabu ya kuanza na ya kumaliza. Mstari wa herufi 40 huchukua milisekunde tatu na nusu. Mstari mmoja kwa sekunde ni salama kabisa. Mstari ndani ya kila mzunguko usio na delay utaifanya programu ingojee siriali kuliko inavyopima maji. Usichapishe kamwe ndani ya kikatizo cha pini (interrupt, kipande cha programu kinachokatiza kingine pini ikibadilika).

Na usivute waya wa siriali kutoka paa hadi chini. Ishara hizi ni za meza, si za jengo. Kebo ya USB ina kikomo cha mita 5. Ukitaka kwenda mbali zaidi kwa waya tumia moduli za RS-485, zinazofika mamia ya mita kwa nyaya mbili zilizosokotwa. Kwa nyumba moja, Wi-Fi ikikubali juu, tuma mistari ile ile kwa njia hiyo.

Upande wa pampu: volti 240 zisiwe kwenye rilei wakati bodi imeungwa na laptopu yako. Programu yote ijaribiwe kwa kusikiliza mlio wa rilei tu. Rilei imeandikwa ampea 10, lakini injini ya pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake, na vyuma vinavyogusana ndani ya rilei huungana, pampu ikabaki imewaka. Acha rilei iendeshe kontakta, kontakta iendeshe pampu, na kazi hiyo aifanye fundi wa stima aliyesajiliwa. Ikiwa rilei yako ina kijiti (jumper) kinachounga miguu yake ya umeme, VCC na JD-VCC, kitoe, ipe VCC volti 3.3 kutoka ESP32 na JD-VCC volti 5 kutoka adapta. Hapo ESP32 itaizima kikamilifu na kelele ya koili itakaa mbali na chipu.

Kwa mpangilio wa kazi: jioni ya leo toa kila kitu, ubaki na bodi na kebo. Bonyeza EN na utafute boot:0x13 kwenye dirisha. Ikija, pakia programu ya hapo juu kwa kushikilia BOOT. Ongeza kihisi na rezista zake, ukielekeze ukutani kwa umbali wa mita moja uliopimwa kwa futi kamba, na uone echo ikikaa karibu na 5,800. Kisha rilei kwenye 26, ubonyeze EN mara kumi, na boot iwe 0x13 mara zote kumi. Ikibadilika hata mara moja, waya ulioongeza mwisho ndio wenye kosa, na namba itakuambia ni pini ipi.